Suruali ya Binti Sultani

Kiswahili hakibagui mume na mke katika kitenzi: "alikuja" ni neno la wote wawili. Kwa sababu hiyo msimulizi anapotaka ijulikane mapema kama ajaye ni mwanamume au mwanamke, mara nyingi humvika nguo kabla hajampa jina. Mwenye buibui ni mwanamke. Mwenye kanzu na kofia ni mwanamume. Wala hapana haja ya maelezo zaidi. Njia hii ni fupi na nzuri, lakini ina mtego ambao mhakiki hunaswa nao kwa wepesi: kudhani kuwa ishara za mavazi zisomekazo hivi leo zilisomeka vivyo hivyo katika karne ya 19.

Zitazamwe kumbukumbu za Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika maelezo yake ya maisha ya jumba la kifalme, vazi la mwanamke ni shati refu, suruali na kitambaa cha kichwa; na picha zake mwenyewe alizopigwa akiwa amevaa kikwao zaionyesha suruali hiyo waziwazi. Haikuwa suruali ya kuiga wanaume wala ya kumwudhi mtu. Ilikuwa vazi la heshima la bibi wa ukoo, ilhali nduguze wa kiume walipita barazani na kanzu ndefu na majoho. Mzungu wa zama zile, ambaye kwao gauni lilikuwa la mke na suruali ya mume, aliyakuta mambo yamepinduka. Kila lisemwalo dhidi ya suruali ya mwanamke kwa jina la desturi za kale za pwani sharti lipite kwanza mbele ya picha hizo.

Hata hivyo itakuwa kosa kuzigeuza picha hizo kuwa ushahidi kwamba wanawake wote wa Unguja walikuwa na uhuru wa kuvaa watakavyo. Suruali ile, pamoja na barakoa iliyofunika uso, ilitangaza nasaba ya Kiarabu na utajiri. Mjakazi aliyemtumikia Salme hakuwa na hiari ya kujipamba mithili yake. Swali la kwanza ambalo nguo ya pwani ilijibu, kabla ya kuulizwa "huyu ni mume au mke?", lilikuwa "huyu ni mwungwana au mtumwa?"

Jambo hili limo pia katika utungo ambao haukosekani panapozungumzwa adabu ya mwanamke, yaani Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alimtungia binti yake wasia. Ndani ya nyumba humtaka ajipambe kwa ajili ya mumewe, kwa hina, wanja, manukato na vito. Nje humtaka atoke kwa ruhusa, asinene njiani, ainamishe macho, wala asiifunue shiraa. Beti hizo husomwa na wengine kana kwamba ni sheria ya mavazi kwa kila mwanamke wa Kiswahili. Lakini shiraa ni nini? Ni kitambaa kikubwa kilichotandwa juu ya miti mfano wa hema, na bibi akatembea katikati asionekane. Vazi hilo halikuvaliwa, lilibebwa. Walioibeba miti ile walikuwa watumwa, nao hawakuwa na ruhusa ya kujisitiri kama waungwana.

Basi ubeti unaotaja shiraa una wanawake wawili ndani yake: mmoja amesitiriwa, na mwingine yu wazi ili wa kwanza asitirike. Haya inayosifiwa pale ni haya ya mwungwana. Mamlaka ya mume yanaonekana katika utenzi huo bila kificho, na hapana haja ya kuyapunguza. Wala uzuri wa lugha yake haupungui kwa kumtambua mjakazi asiyetajwa. Kipunguacho ni haki ya msomaji wa leo kuutoa wasia wa mama mmoja wa nyumba tawala na kuwapangia nao mavazi wajukuu wa wale walioibeba shiraa.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, shiraa ilikosa wabebaji. Wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki, nguo ya rangi ya giza iliyokuwa alama ya hali yao, wakavaa kanga za maua na rangi. Kisha wakajitanda buibui. Hapa ndipo mhakiki wa haraka anapokwama zaidi. Vazi ambalo jicho geni huliona kifungo, kwa waliolipata mara ya kwanza lilikuwa hati ya uungwana. Aibu ya kaniki haikufutika upesi, kwa maana hata Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliimbiwa wimbo wa kebehi uliomkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini. Waliomkebehi walikuwa wameona sauti yake haina dosari, wakatafuta dosari katika nguo.

Karne ya 20 iliendelea, na hoja ikabadili jina. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi, kwa ajili ya kulinda utamaduni wa taifa. Suruali za kubana zilizolaumiwa ni pamoja na za wanaume. Lakini makundi ya vijana wa Kariakoo yaliwaandama wanawake. Katika miaka hiyo hiyo, 1967 na 1968, kampeni nyingine iliwataka Wamaasai waache lubega na ngozi zao, wavae suruali na mashati. Utamaduni uliomvua mmoja nguo ya kigeni ulimvika mwingine nguo ya kigeni kwa nguvu; si rahisi kuamini kwamba ulikuwa utamaduni uliokuwa ukilindwa.

Wala mambo hayo hayakuishia huko. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliojifanya walinzi wa staha. Mwaka huo huo sheria ya adhabu ya Kenya iliongezwa kifungu kinachomhukumu amvuaye mwenziwe nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10. Walinzi wa namna hiyo husema kwamba bibi zao hawakuvaa hivyo. Ni bibi yupi wanayemkumbuka, wa suruali, wa shiraa au wa kaniki, hawasemi.

Kwa wanafunzi wanaousoma Utendi wa Mwana Kupona, tanbihi isemayo tu kwamba shiraa ni aina ya stara haitoshi. Iongezwe ilibebwa na nani.