Tusi na Kisu: Tuama wa "Chozi la Heri" Mbele ya Msomaji wa Kisii na Nyamira

Tangu ilipochapishwa mwaka 2014, na hasa tangu ilipoanza kutahiniwa kama kitabu teule katika shule za upili nchini Kenya mwaka 2018, riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri, imehakikiwa zaidi kama riwaya ya vita vya baada ya uchaguzi na ya familia zilizosambaratika kisha zikaungwa upya. Usomaji huo una msingi. Hata hivyo, umemwacha kando mhusika mmoja mdogo, Tuama, msichana aliyelazwa hospitalini baada ya kupashwa tohara, ambaye angali anaitetea tohara hiyo akiwa kitandani. Aghalabu mhusika huyu hutajwa chini ya kichwa cha mila zilizopitwa na wakati, akafungiwa humo. Makala haya yanadai kwamba kwa msomaji wa Kisii na Nyamira Tuama ndiye mhusika mgumu kuliko wote katika riwaya hii, na kwamba ugumu huo mwandishi ameuanzisha bila kuufuata hadi mwisho.

Hoja ya riwaya dhidi ya tohara ya wasichana imejengwa juu ya mandhari. Msichana yuko wodini; jeraha lake ndilo linalosema. Maneno yake ya kuitetea mila yanapingwa na kitanda anacholalia, na msomaji hahitaji kuambiwa zaidi. Mbinu hii ya kinaya inafaulu mahali ambapo tohara hufanywa na ngariba kwa kisu cha kale. Ugusiini mambo yamekuwa tofauti kwa muda mrefu. Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu nchini Kenya wa 2008–09 ulikuta kwamba asilimia 96 ya wanawake Wakisii wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wametahiriwa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Ule wa 2014 ulionyesha asilimia 84 dhidi ya 21. Wakati huohuo kisu kilikuwa kimeshabadilisha mikono. Utafiti wa Njue na Askew, uliotolewa mwaka 2004 na shirika la Population Council, ulieleza jinsi wauguzi na watumishi wengine wa afya walivyochukua nafasi ya ngariba miongoni mwa Abagusii. Kwa msomaji aliyekulia katika hali hiyo, wodi ya Tuama haimkanushi Tuama. Yamkini atasema kwamba kosa lilikuwa la kisu, na kwamba kama msichana yule angepelekwa kwa muuguzi asingelazwa kamwe. Hoja ya afya, ikisimama peke yake, inamwachia mtetezi wa mila mlango wa kutokea.

Msamiati wenyewe wa Kiswahili unaufungua mlango huo zaidi. Neno tohara limebeba maana ya usafi. Anayelitumia amekwisha kukubali nusu ya hoja ya Tuama kabla ya kuijibu. Neno ukeketaji, ambalo limeshika katika lugha ya sheria na ya wanaharakati, linatokana na keketa, yaani kukata kwa kitu kisicho kikali. Mwenye wembe mpya na ganzi anaweza kudai kwamba yeye hakeketi. Lugha haijapata neno linaloshutumu tendo lenyewe pasipo kujali ukali wa chombo, na riwaya, iliyochagua kuweka jeraha mbele, haikulitafuta.

Nguvu ya Tuama iko kwingine. Anachokitetea ni kuvuka kutoka utotoni, kuhesabiwa mtu mzima. Hapa Ekegusii kina mpaka ulio wazi ambao Kiswahili hakina. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti huko kati ya 1955 na 1957 na kuchapisha kitabu chao Nyansongo mwaka 1966, waliyaandika majina yenyewe: msichana asiyetahiriwa ni egesagane, aliyetahiriwa ni omoiseke, vivyo hivyo mvulana huwa omoisia kisha omomura. Hapana neno la tatu la kumtaja msichana mkubwa ambaye hakukatwa. Ama ni egesagane hata akizeeka, ama hana jina. Watafiti hao walieleza pia kwamba wasichana wenyewe walikuwa na hamu ya kutahiriwa, wakiomba wasiachwe nyuma na wenzao. Jambo hili huwasumbua wahakiki wanaotaka kila mwathiriwa awe amelazimishwa. Tuama hakubuniwa kutoka hewani. Wasichana wa Nyansongo walikwisha kusema mengi anayoyasema yeye.

Bunge la Kenya lilielewa jambo ambalo wahakiki wa fasihi walipaswa kulielewa kabla yake. Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji haikuishia kwa mwenye kisu. Ililifanya kosa pia kumdhihaki mwanamke kwa lugha ya matusi kwa sababu hakukatwa, au kumdhihaki mwanamume kwa kumwoa mwanamke kama huyo. Kwa maneno mengine, tusi lilitambuliwa kuwa sehemu ya chombo.

Ajabu ni kwamba Matei anaijua vyema kazi ya tusi anaposhughulikia ubaguzi wa kikabila. Ridhaa, akiwa mtoto shuleni, anaitwa mfuata mvua, na jina hilo dogo la utotoni ndilo mbegu ya moto utakaoiteketeza nyumba yake akiwa mzee, jirani wa miaka mingi, Mzee Kedi, akihusika. Subira anakataliwa katika nyumba aliyoolewa kwa kuwa ni wa jamii nyingine. Kurasa hizi ni miongoni mwa zilizo bora katika riwaya ya Kiswahili ya karne hii, kwa sababu chuki haitoki nje ya familia. Imekaa sebuleni, ikipika na kula pamoja na wengine. Msomaji wa Borabu, katika Nyamira, hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Mpaka wa Borabu na Sotik ulishuhudia mapigano ya Wakisii na Wakipsigis mwaka 1992, kisha tena mapema 2008, na nyumba zilizochomwa zilikuwa za watu waliokuwa wakiuziana maziwa sokoni.

Lakini pana jambo la kuongeza ambalo riwaya hailioni. Wakipsigis nao wametahiri wasichana. Waluo, majirani wa upande wa magharibi, hawakuwa na desturi hiyo kwa jinsia yoyote. Kwa hiyo tohara, ambayo Ugusiini husemwa kuwa alama ya kujitofautisha na wengine, humtofautisha Mgusii na Mluo tu, na humfananisha na yule aliyepigana naye Borabu. Utambulisho unaodaiwa kuandikwa mwilini haukuzuia mshale wala moto. Lau Tuama na Subira wangekutanishwa katika sura moja, riwaya ingeweza kuuliza swali hili. Wanapita mbalimbali.

Ulinganisho na Muthoni wa The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o unasaidia. Muthoni, binti wa mhubiri, anataka kuwa Mkristo na pia mwanamke kamili wa jamii yake, naye anakufa kwa jeraha. Kifo kinamfanya kuwa ishara, na ishara haibishani. Tuama anabaki hai na anaendelea kubishana. Kisanaa huo ni uamuzi wa kijasiri kuliko wa Ngũgĩ, ila Matei anauacha haraka. Umu, aliyepoteza wazazi, anapewa familia mpya ya Mwangeka na Apondi. Mwaliko anapata ya Mwangemi na Neema. Riwaya inasisitiza kwamba ujamaa unaweza kuchaguliwa. Tuama peke yake hapewi jamaa wa kuchagua, wala mtu mzima wa kumwonyesha jina jingine atakaloitwa akikataa. Anayemjibu ni mwandishi, kwa njia ya kitanda.

Tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, iliyoingia baadaye katika vitabu teule, inaigusa mila kwa mkono mwepesi zaidi. Suala la iwapo Sara, mama mgonjwa, anaweza kulala katika nyumba ya mkwewe Bunju linaonekana dogo jukwaani. Msomaji wa Gusii, ambako heshima ya chinsoni ilimkataza baba kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, ataliona kuwa zito, tena la kawaida. Arege hamtii Bunju jeraha wala hamfanyi mjinga. Anamwacha mwenye mila aongee na mkewe, Neema, ambaye ana hoja, elimu na mama mgonjwa mikononi. Tuama angestahili msikilizaji wa namna hiyo: dada mkubwa, tuseme, ambaye hakukatwa na amezoea kuitwa egesagane.