Kosa Jipya ni Habari Njema

Programu imesakinishwa salama, lakini ukiiita tu inakataa: faili la maktaba fulani halipo. Hapo ndipo fundi hujulikana. Wengi hufuta na kusakinisha upya, wakapata kosa lile lile. Yeye husoma ujumbe hadi mwisho, maana jina la kinachotafutwa limo humo.

Kwenye Linux, programu nyingi hutegemea maktaba za pamoja, ambazo kipakiaji huzitafuta programu inapoanza kazi. Amri ya ldd huonyesha ipi imeonekana na ipi haikuonekana. Pengine faili lipo, limetulia ndani ya /usr/local/lib, ila mfumo haujaarifiwa. Amri ya ldconfig mara moja, shauri limekwisha.

Ninayemvulia kofia hasa ni aliyehangaika na zana za kuundia programu za Android enzi zile adb, mojawapo ya zana hizo, ilipokuwa ya biti 32, naye ana Ubuntu ya biti 64. Faili la adb analiona, ruhusa zote linazo, na bado kompyuta inashikilia kwamba hakuna faili kama hilo. Ungeapa mashine imerogwa. Hata ldd haimsaidii. Amri ya file ndiyo inayofichua siri: programu ni ya biti 32, na kisichokuwepo ni kipakiaji chake, /lib/ld-linux.so.2. Mashine haikusema uongo. Ilinyamaza tu kuhusu ni faili gani.

Basi fundi huuruhusu mfumo upokee mafurushi ya i386, yaani ya biti 32, huweka libc6:i386, kisha hujaribu tena. Sasa inalalamikiwa libstdc++.so.6. Mwanafunzi aliye pembeni hukata tamaa. Fundi hutabasamu, kwa sababu jina limebadilika. Baada ya hiyo huenda ikadaiwa libz.so.1, naye huilipa bila kinyongo.

Wajanja wa njia za mkato siwasifu. Ubuntu 22.04 ilipokuja na libssl.so.3 bila libssl.so.1.1, wapo walioibandika ya kwanza jina la pili kwa kiungo. Kumbe namba ile ya mwishoni huwekwa makusudi, kutenga matoleo yasiyopatana. Kipakiaji hufungua faili, hukagua alama za toleo zilizomo, hukosa OPENSSL_1_1_0, kisha hugoma. Fundi angeweka toleo lililoombwa, au angeijenga programu upya kwa toleo jipya, na kabla ya hapo angekiondoa kile kiungo cha uongo.