Kitale Ilianza na Ramani, Wanafunzi Waanze na Mita

Wanafunzi wa chuo kikuu wakipewa mradi wa timu kuhusu miji erevu, makundi mengi huanza na kifaa. Mmoja ana kihisi, mwingine anajua kuunda programu ya simu, kisha tatizo linatafutwa ili lilingane na walicho nacho. Mipango ya namna hiyo hupendeza kwenye karatasi, lakini ikifika mtaani hakuna anayeihitaji. Mji wa Kitale, nchini Kenya, una mfano bora wa kupanga kazi ya aina hii, na unastahili kuchambuliwa na kila timu inayotaka kufanya utafiti huko au Bungoma.

Kuanzia 2001 hadi 2004, shirika la ITDG, ambalo baadaye lilibadili jina kuwa Practical Action, lilishirikiana na Baraza la Manispaa ya Kitale na wakazi wa mitaa mitatu: Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa. Walikusanya habari pamoja na wakazi, wakachora mipango ya kila mtaa, wakabishana ni lipi litangulie, kisha wakafanya kazi ndogo zinazoweza kumalizika za maji, usafi na njia za kupita. Maofisa wa baraza walikuwa ndani ya mazungumzo tangu mapema, hawakusubiri kuletewa ripoti mwishoni.

Uamuzi ninaouheshimu zaidi katika kazi ile ni kujifunga kwenye mitaa mitatu. Mji ulikuwa na shida kila upande, na kishawishi cha kupanga Kitale nzima lazima kilikuwepo. Kwa kuchagua eneo dogo, walijua nani atakuja mkutanoni, nani atakabidhiwa kazi ikikamilika, na nani wa kuulizwa ikiharibika.

Timu ya wanafunzi inahitaji kujifunga zaidi ya hapo. Katika sensa ya 2019 Kitale ilikuwa na wakazi 162,174. Si Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013 kwenye ekari 5,000 za ranchi ya Malili, ambako mabomba na nyaya zingeweza kuchorwa kabla watu hawajahamia. Kitale na Bungoma mabomba yamekwisha kuzikwa, nyumba zimejengwa juu yake, na kila siku kuna mtu anasubiri maji.

Basi tuchukue maji. Kampuni ya Nzoia Water kwa miaka mingi ilihudumia miji ya kaunti mbili, Kitale ikiwa Trans Nzoia, Bungoma na Webuye zikiwa kaunti ya Bungoma. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kusukumwa hayalipiwi: mengine yanavuja, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye mita zilizochoka. Kwa timu ya watu sita, swali linalofaa ni hili: katika eneo moja lenye nyumba kama 200 na mita kuu moja kwenye mlango wa bomba, maji yanayopotea ni kiasi gani?

Vitabu vya uhandisi vina jibu la haraka. Pima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Karibu yote yanayopita wakati huo ni mvujo. Tuseme mita kuu inaonyesha lita 4,000 kwa saa. Ukikadiria lita 2 kwa saa kwa kila nyumba, matumizi halali ni lita 400, na zinazobaki 3,600 zinaingia ardhini. Hapo ndipo kihisi kinapovutia: kifunge kwenye mita, kitume takwimu kila baada ya dakika 15, chora grafu, mradi umekwisha.

Lakini njia hiyo inadai maji yawe kwenye bomba saa zote. Panapokuwa na mgao, watu huacha koki wazi ili tangi lijae usiku. Mita kuu itaonyesha mtiririko mkubwa saa tisa usiku, na timu itaandika kwamba bomba limepasuka, kumbe ni matangi yanajazwa. Kihisi kitakuwa kimefanya kazi yake sawasawa na hitimisho litakuwa la uongo. Anayejua saa za maji katika mtaa ni mama anayeuza kwenye kioski cha maji na mlinzi anayefungua koki ya ploti. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mradi ni ya kuzunguka na daftari na kuuliza: maji yanakuja siku gani, saa ngapi, yanakatika lini, nani ana tangi?

Wakigundua kuna mgao, wabadilishe njia. Wasome mita kuu na mita zote za nyumba siku moja, wazisome tena baada ya wiki nne, kisha watoe jumla ya nyumba kwenye mita kuu. Wanafunzi sita wakitembea wawili wawili ni jozi tatu, kila jozi mita 67 hivi. Ukitenga dakika tano kwa mita, pamoja na kubisha mlango na kujieleza, inachukua chini ya saa sita. Atakayehoji kwamba mita ya kwanza ilisomwa saa mbili asubuhi na ya mwisho saa nane mchana ana haki ya kuuliza. Saa sita kati ya saa 672 za wiki nne hazifiki asilimia 1, na raundi ya pili ikifuata njia ileile kwa mpangilio uleule, hata tofauti hiyo karibu yote inafutika.

Mgawanyo wa kazi nao utokane na swali hili. Kibabii, chuo kikuu kilichopata hati yake 2015 hapo Bungoma, kina wanafunzi wa kompyuta wa kutunza takwimu. Kitale National Polytechnic inafundisha mafundi, na fundi bomba ndiye atakayesema kama mita imefungwa kinyume au kama kuna bomba la pembeni linaloikwepa. Ningependa kuona timu iliyochanganya vyuo hivi viwili. Mwanafunzi wa programu peke yake hawezi kuliona bomba hilo.

Karatasi zitangulie safari: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), barua ya chuo, ruhusa ya kampuni ya maji na ya manispaa. Namba ya mita ikiwekwa pamoja na jina na simu ya mteja inakuwa taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wape nyumba namba za siri, na orodha ya majina ibaki kwa kampuni. Mambo haya yakiachwa hadi katikati ya muhula, mradi unakwama getini.

Na Bungoma? Ningeshauri wasipime miji yote miwili kwa pamoja. Waunde utaratibu Kitale muhula wa kwanza, kisha muhula wa pili waupeleke Bungoma jinsi ulivyo: fomu zilezile na hesabu ileile, lakini wasomaji wa mita wawe wengine waliofundishwa kwa siku moja tu. Wageni wakishindwa kuzijaza fomu, kasoro iko kwenye fomu, na bado kuna muda wa kuirekebisha. Wakiweza, jedwali la mwisho likabidhiwe kwa fundi wa kampuni anayesimamia eneo lile, likionyesha kiasi cha maji yanayopotea humo. Hapo ndipo kihisi kinunuliwe, kifungwe pale ambapo jedwali limeonyesha upotevu mkubwa.