Xeon ya Mtumba au i5 Mpya? Hesabu ya Ofisi ya Jangwani

Winga, yaani dalali wa Kariakoo, anauza kwa namba. Atakuonesha HP Z440, boksi jeusi lililotoka ofisi za ng'ambo, kisha atatamka neno analojua linamaliza ubishi: "Bosi, hii ni Xeon, kori kumi na nne. Hiyo i5 mpya unayoililia ina kori sita tu." Namba zake hazina uongo. Lakini mwenye ofisi ya mabango au ya video za harusi, anayetaka mashine imrudishie hela yake, anatakiwa kujua ni kitu gani ndani ya boksi hilo bado kina thamani leo. Jibu langu ni fupi: kasi yake imeshafikiwa na mashine ndogo, ila RAM yake bado ni mali.

Tuanze na kasi. Z440 iliingia sokoni mwaka 2014, na Dell Precision T5810 ni rika lake. Prosesa ya Xeon E5-2690 v4, mojawapo ya kubwa zinazofungwa humo, ni ya 2016: kori 14, wati 135. Core i5-12400 ni ya Januari 2022: kori 6, wati 65 za msingi. Zikipewa kazi inayotumia kori zote kwa pamoja, mathalani kurenda picha ya jengo, zinakaribiana sana. Kazi ikitegemea kori moja, i5 inaiacha Xeon kwa zaidi ya mara moja na nusu. Na kazi nyingi za mbunifu kutwa nzima, kama kufungua programu, kusogeza leya au kukata picha, ni za kori moja au mbili. Ukimlipa winga kwa ajili ya kori, umelipia kitu ambacho i5 inakupa kwa nusu ya umeme.

Sasa chukua bango. Eneo hili la Kariakoo na Jangwani lina makao ya Yanga pale makutano ya Twiga na Jangwani, na ya Simba Mtaa wa Msimbazi, kwa hiyo wiki ya mechi ya watani mchapaji anajua kazi itakuja na itatakiwa leo leo. Bango la mita 3 kwa 6, likiandaliwa kwa nukta 100 kwa inchi, lina nukta 11,811 kwa 23,622, yaani takribani milioni 279. Kwa rangi nne za kuchapia, kila nukta inakula baiti nne. Leya moja iliyojaa inafika GB 1.1. Weka leya kumi za namna hiyo na umeshapita GB 11, kabla ya kuhesabu Windows yenyewe, kivinjari kilichofunguliwa kwa ajili ya WhatsApp, na kumbukumbu ya hatua ambazo Photoshop inazitunza ili uweze kurudi nyuma. Kompyuta ya GB 16 ikifika hapo inaanza kuhamishia data kwenye diski. Mteja amekaa pembeni, kiduara kinazunguka, na kori ziwe sita au kumi na nne hazikusaidii.

Hapo ndipo Z440 inapojitetea. Ina nafasi nane za RAM. Ukijaza vipande vya GB 16 unapata GB 128. RAM inayokuja nayo mara nyingi ni ile ya seva, inayorekebisha makosa yenyewe na isiyokubali kwenye kompyuta za kawaida, ndiyo maana kwenye soko la mitumba wanaoigombania ni wachache. Madabodi za bei nafuu za i5, zile za chipseti ya H610, mara nyingi zina nafasi mbili tu. Tena mwishoni mwa 2025 bei ya RAM mpya ilipanda duniani, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Mtumba wenye GB 64 ndani umebeba kitu ambacho dukani sasa kinauma.

Mhariri wa video asifurahi mapema. Xeon E5 haina grafiki ndani yake, kwa hiyo kazi ya kufumbua video inaangukia kwenye kadi ya grafiki. Quadro K2200 ya 2014, ambayo utaikuta kwenye mashine za rika hili, haina sehemu ya kufumbua H.265, mfumo wa kubana video. Kamera kama Sony A7 IV inaweza kurekodi H.265 ya biti 10 kwa mfumo wa rangi wa 4:2:2. Grafiki iliyomo ndani ya i5-12400 inaifumbua hiyo yenyewe. Quadro P2000 ya 2017 inafumbua H.265 ya kawaida lakini kwa 4:2:2 inashindwa, na mzigo wote unarudi kwenye prosesa. Kwa mpiga video wa harusi anayetumia kamera hizi, mpya inashinda bila ubishi. Mtego uko kwenye herufi moja: i5-12400F ni rahisi kidogo kwa sababu haina grafiki ndani. Ukiinunua hiyo, faida yote niliyoitaja imebaki dukani.

Kuna suala la Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon E5 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Fundi atakuwekea kwa njia ya kuzunguka, na itawaka, ila Microsoft haitoi dhamana kwamba masasisho yataendelea kuja. Upande wa kadi, NVIDIA ilishatangaza kuwa draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa familia za Maxwell na Pascal, yaani K2200 na P2000 zote mbili.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Bei ya matumizi ya kawaida ya TANESCO ni Sh 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Kwenye LUKU inafika kama Sh 356. Tuseme mtumba unakula wastani wa wati 150 na mpya wati 50, saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Tofauti ni yuniti 26, sawa na Sh 9,256 kila mwezi, na kwa miaka mitatu ni zaidi ya Sh 333,000. Mtumba ukikuokolea Sh 600,000 siku ya kununua, zaidi ya nusu utairudisha taratibu kwa LUKU. Angalia pia UPS: nyingi za VA 650 zinabeba wati 360 hivi, na Xeon inayorenda ikiwa na kadi na monita inausogelea mpaka huo.

Ukiamua mtumba, mwambie afungue ubavu mbele yako. Tazama skrubu na mabati ya chini. Kutu mahali hapo inaweza kuwa alama ya maji, na bonde la Msimbazi hapa jirani linafurika. Washa, ingia kwenye BIOS: ikidai nenosiri la kampuni ya zamani, achana nayo, kwa sababu kwenye HP kuliondoa si kazi ya kutoa betri tu. Hesabu RAM inayosomeka, siyo vipande vinavyoonekana. Soma saa za diski kwa programu ya CrystalDiskInfo, kisha iache irende nusu saa huku ukisikiliza feni. Kumbuka pawa saplai ya Z440 ni ya umbo la HP wenyewe. Ikifa utatafuta spea kwenye Z440 nyingine. Risiti ya EFD iandikwe na mwenye duka, ikiwa na namba ya mashine. Winga kesho atakuwa mtaa mwingine.

Kati ya pande hizi mbili ipo njia ambayo mawinga hawaipigii debe: mtumba wa 2018, kama Dell Precision 3630 au HP Z2 G4 yenye Core i7-8700. Windows 11 inaikubali, ina grafiki ndani, na haili umeme kama kaka yake. Kwa ofisi nyingi za mabango, mimi ningeanzia hapo.

Kabla ya kutoka na hela, fungua faili lako zito kuliko yote kwenye kompyuta uliyonayo na utazame Task Manager. RAM ikijaa, mtumba wenye nafasi nane una hoja. Prosesa ikifika asilimia mia kwenye video, nunua mpya yenye grafiki ndani. Diski ikiwa ndiyo inayohema na vingine vimetulia, nunua SSD, na hela iliyobaki ongeza karatasi.