Pongezi kwa Wathamini wa Wiski ya Japani

Kiwanda cha Hanyu, mkoani Saitama, kiliacha kutengeneza wiski mwaka 2000. Soko la Japani lilikuwa limedorora, na kampuni ilipouzwa, wamiliki wapya hawakutaka kukalia kinywaji cha kungoja miaka. Mapipa yapatayo 400 yalikuwa hatarini kumwagwa. Ichiro Akuto, mjukuu wa mwanzilishi, akayatafutia hifadhi katika kiwanda kimoja cha Fukushima. Kuanzia 2005 hadi 2014 aliyatoa kidogo kidogo, katika chupa za aina 54, kila aina na karata yake kwenye lebo. Mwaka 2019 seti kamili iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola 900,000 za Marekani.

Akuto anastahili sifa. Wathamini nao wasisahauliwe. Kabla ya kutaja bei, mthamini hukagua kimo cha wiski shingoni mwa chupa, maana hupungua polepole hata ikiwa imefungwa. Huchunguza kizibo, lebo, namba ya pipa na kasha la asili. Huuliza chupa imepitia mikono ya nani, kwa kuwa bei kubwa huwavuta matapeli wanaojaza upya chupa tupu. Hakubali pia kudanganywa na umri: miaka inayohesabiwa ni ya ndani ya pipa, kwani chupani wiski haikomai tena.

Nyundo ya mnada inapogongwa, makofi humwendea mnunuzi. Bila mthamini, huyo angekuwa amenunua karatasi ya lebo tu. Hongera kwao.