Nani aandike orodha, nani achague, nani alipe: shule za Columbus

Bodi inapojenga shule ya msingi, uamuzi mzito kuliko yote hufanyika kabla msingi haujachimbwa: nani atachora. Mwanga wa darasani, joto la mchana na kelele za jirani huamuliwa mezani kwa msanifu, kisha mkandarasi hufuata tu. Pamoja na uzito huo, kamati nyingi humchagua msanifu kwa kulinganisha bei. Columbus, mji mdogo wa jimbo la Indiana nchini Marekani, ulikwenda njia nyingine katika miaka ya 1950, na utaratibu wake unastahili kufumuliwa kipande kwa kipande.

Columbus ni makao ya kampuni ya injini za dizeli ya Cummins, iliyoongozwa wakati huo na J. Irwin Miller. Watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wakifurika madarasani, na kampuni ilihitaji wahandisi wakubali kuhamia katika mji ambao wengi wao hawakuujua. Mhandisi mwenye familia huuliza habari za shule kabla hajakubali kazi. Ndipo mfuko wa hisani wa kampuni ukatoa ahadi: utalipa ada ya msanifu wa kila shule mpya, mradi bodi ya shule imchague kutoka katika orodha ya wasanifu mahiri iliyoandaliwa na jopo huru. Saruji, chuma na ujira wa mafundi vilibaki juu ya walipa kodi kama kawaida.

Tazama jinsi madaraka yalivyogawanywa. Walioandika orodha walikuwa watu wa fani wanaoweza kupima kazi ya mwenzao, lakini neno la mwisho halikuwa lao. Bodi ndiyo iliyochagua jina, na ilikuwa huru kuikataa ahadi yote na kujilipia msanifu wake. Mfuko ulilipa ankara bila kumwelekeza mtu namna ya kuchora. Miller angejiteulia msanifu mwenyewe, shule zingeonekana zawadi ya kiwanda, na mzazi ambaye hakulipenda paa angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini tajiri anawapangia watoto wake. Jinsi ilivyopangwa, mzazi huyo alijua pa kwenda: kwa wajumbe wa bodi yake.

Hatua iliyobeba uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kuiondoa ada katika ushindani. Waliokaa kwenye kamati za zabuni huku kwetu wanazijua bahasha mbili, ya ufundi na ya fedha, na wanajua jinsi bahasha ya pili inavyoweza kumwangusha aliyeshinda ya kwanza. Ada ya msanifu ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo, na ndogo zaidi ukiweka na matengenezo ya miaka hamsini. Anayeshinda kwa ada ya chini mno hufidia kwa kupunguza saa za kazi: anatoa kabatini michoro ya mradi uliopita na kuibadilisha jina, anafika saiti mara chache, maswali ya fundi yanakaa bila majibu. Kule Columbus bodi haikuwa na cha kuokoa kwa kuchukua aliye rahisi. Swali pekee lililobaki mezani lilikuwa nani atatufaa.

Shule ya kwanza kunufaika, Lillian C. Schmitt, ilichorwa na Harry Weese wa Chicago na kukamilika mwaka 1957. Ya Mabel McDowell, ya mwaka 1960, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. John Carl Warnecke, aliyekuja baadaye kusanifu kaburi la Rais Kennedy kule Arlington, aliigawa katika makundi manne ya madarasa yanayozunguka jengo la pamoja, yakiunganishwa na njia zilizoezekwa, na nyua katikati. Mtoto mdogo hakupotea katika korido ndefu. Alikuwa na kundi lake, ua wake na mlango alioujua. Miaka saba baadaye Gunnar Birkerts alichora Lincoln kwa fikra tofauti kabisa: jengo moja la mraba, lililoshikamana, ndani ya duara la miti. Utaratibu uliozaa shule hizi mbili haukuwa na mtindo wake wa kuupigia debe.

Ulikuwa na upungufu, na si mdogo. Orodha ya majina makubwa ya kitaifa humfungia nje msanifu chipukizi wa jirani, ambaye angepita saitini kila wiki. Zaidi ya hapo, jopo lilipima wachoraji, halikupima hadidu za rejea. Mount Healthy ya mwaka 1972 na Fodrea ya 1973 zilijengwa kwa madarasa ya wazi, fikra iliyotamba Marekani miaka ile. Shule nyingi za aina hiyo nchini humo ziliishia kurudisha kuta, kwa kuwa mwalimu hawezi kufundisha kusoma huku darasa la pembeni linaimba. Msanifu hodari aliyepewa maagizo ya kupita huyatekeleza kwa ustadi uleule.

Kipengele ambacho ningekiongeza kiliwahi kufanyiwa kazi Winnetka, karibu na Chicago, katika shule ya Crow Island iliyofunguliwa mwaka 1940. Ofisi changa ya Perkins, Wheeler na Will ilipata kazi hiyo kwa kuungana na Eliel Saarinen na mwanawe Eero, kisha Lawrence Perkins akaenda kukaa madarasani, akitazama watoto na kuwasikiliza walimu kabla ya kuchora. Dari zilishushwa zilingane na kimo cha watoto, swichi za taa zikawekwa wanapofikia, na kila darasa likapata choo chake na ua wake. Bodi inayoandika mkataba wa msanifu inaweza kudai siku hizo za kukaa darasani kwa maandishi, na kuzilipia kama sehemu ya ada.