Nota Tano za Yusef Lateef

Ukitaka kuelewa jinsi Yusef Lateef alivyoipuliza saksafoni ya tena, anza na kipande ambamo hakuigusa kabisa. Ni "The Plum Blossom", kinachofungua albamu ya Eastern Sounds, iliyorekodiwa Septemba 1961. Mkononi ana xun, filimbi ya udongo ya Kichina yenye umbo la yai, na nota anazozitoa humo ni tano tu. Kwa mtu aliyezoea tena, yenye zaidi ya oktavu mbili na nusu, huko ni kufungwa mikono.

Sikiliza anavyojinasua. Melodi ni fupi, na anairudia bila haya. Kwa kuwa hana pa kupanda wala pa kushuka, kazi yote anaihamishia kwenye muda na pumzi. Nota ileile mara inagongwa na kukatwa, mara inaachwa ining'inie, na pale ambapo mpulizaji mwingine angejaza mapambo yeye ananyamaza. Chini yake Ernie Farrow anadonoa nyuzi za rababu na Lex Humphries anashikilia mapigo. Piano ya Barry Harris, ambayo ingeweza kusema chochote, inafuata adabu hiyohiyo.

Kwa maoni yangu, tena ya Lateef ilijengwa nje ya tena. Wachambuzi wengi humsifu kwa kuleta ala za Asia na Afrika ndani ya jazi, kana kwamba alikuwa anapamba nyumba. Naona walikosea mahali pa kutazama: kila ala ilimnyima kitu, na alichonyimwa kilimfundisha jambo alilorudi nalo kwenye saksafoni.

Alizaliwa mwaka 1920 Chattanooga, Tennessee, akakulia Detroit, na mwaka 1949 alikuwa katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie. Angeweza kubaki katika njia hiyo. Lakini alirudi Detroit, akajiandikisha Chuo Kikuu cha Wayne State, na akafanya kazi katika kiwanda cha magari cha Chrysler. Humo ndimo mfanyakazi mwenzake kutoka Syria alimomweleza habari za rababu. Alipoanza kurekodi albamu zake mwenyewe mwaka 1957, aliona wazi kwamba sauti moja haitamfikisha mbali, akaingia maktaba kusoma muziki wa watu wengine.

Miongoni mwa ala alizozichukua ni arghul ya Misri, yenye mabomba mawili. Bomba moja linashikilia sauti moja bila kukoma, la pili linaimba. Mpulizaji wa jazi wa miaka ya 1950 alifundishwa kukimbizana na kordi zinazobadilika kila kukicha, lakini juu ya sauti isiyosogea hakuna cha kukimbiza, na melodi lazima ijitegemee yenyewe.

Obo ilimfundisha upande wa pili, nao ni pumzi. Watu wa pwani wanaoijua nzumari wataelewa upesi, kwa kuwa ala hizi mbili ni za ukoo mmoja: tete mbili nyembamba zinatetemeka midomoni, na tundu la kupitishia hewa ni dogo mno. Tena hula hewa nyingi, mpulizaji huishiwa. Kwenye obo hewa hubaki kifuani ikiwa imechakaa, na mpulizaji hulazimika kuitoa kwanza ndipo avute nyingine. Basi sentensi za obo huwa ndefu, na msukumo wake lazima upimwe. Katika "Blues for the Orient", ya albamu hiyohiyo ya Eastern Sounds, Lateef anapiga bluzi kwa obo hiyo, na inalia kama koo la mtu. Ukitoka hapo nenda "Don't Blame Me", ambako ameshika tena: utasikia pumzi ileile iliyopimwa, sasa ndani ya bomba pana. Katika "Ching Miau", yenye mapigo matano kwa kila kipimo, haonekani kuhesabu kabisa.

Ualimu wake ulitoka kwenye mazoea haya. Alipata shahada mbili Manhattan School of Music akikaribia miaka 50, na mwaka 1975 akatunukiwa udaktari wa elimu na Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Kuanzia mwaka 1981 alikaa miaka minne Zaria, Nigeria, kama mtafiti katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, akichunguza sarewa, filimbi ya Kihausa. Baadaye alifundisha Amherst kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 93.

Kitabu chake cha Repository of Scales and Melodic Patterns, cha mwaka 1981, kinatisha ukikifungua kwa mara ya kwanza. Ni kurasa baada ya kurasa za skeli na mifumo ya melodi, na maelezo ni machache. Ndani yake umo pia mchoro wa duara la nota aliopewa na rafiki yake John Coltrane. Mwanafunzi asiye na subira atakimbilia kuvimeza vyote na atatoka na vidole vyepesi visivyo na la kusema. Ushauri wangu ni kuchukua mfumo mmoja, kuuzungusha katika nota zote 12, kisha kukaa nao wiki nzima ukibadilisha urefu wa nota na mahali pa kuvuta pumzi, hadi uanze kutoa sentensi ambazo kitabu hakikuziandika.